Luseni na Itogolo: Tabia na Uainishaji wa Udongo wa Kichanga-tifutifu katika Nyanda za Usukuma

Neno "kichanga" katika Kiswahili cha kila siku hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Mkulima akiulizwa shamba lake ni la udongo gani, naye akajibu kwamba ni la kichanga, aulizaye huridhika na kwenda zake kana kwamba ameambiwa jambo kamili. Kumbe hakuambiwa ila habari ya juu juu, tena ya juu juu kwa maana halisi ya maneno hayo, yaani hali ya udongo ule ambao jembe huugusa. Habari ya kilichopo chini ya jembe hakuipata, wala hakuiuliza. Katika nchi zenye mvua nyingi na udongo wa kina kirefu, huenda upungufu huo usimdhuru mtu. Lakini katika nyanda zenye mvua haba, ambako mvua huweza kukatika kwa majuma mawili au matatu katikati ya majira ya kilimo, kile kilichopo chini ya jembe ndicho kiamuacho kama nyumba itakula au itanunua chakula.

Makala haya yanakusudia kueleza tabia za udongo ambao wataalamu huuita kichanga-tifutifu, jinsi unavyopatikana katika nyanda za Usukuma, kusini ya Ziwa Victoria, na namna unavyofaa kuainishwa. Nchi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, imechunguzwa kwa muda mrefu, kwani kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza kimekuwa kikishughulika na pamba na udongo wake tangu miaka ya 1930. Pili, wenyeji wake wana majina yao ya udongo, tena majina yenye maana iliyopimwa, na majina hayo hutenganisha vitu viwili ambavyo Kiswahili chetu na vitabu vya wageni mara nyingi huvichanganya. Vitu hivyo viwili ni luseni na itogolo. Mtu akichota konzi ya huu na konzi ya ule kutoka juu ya shamba, huenda asitambue tofauti yoyote. Akipanda mazao yale yale katika yote mawili, tofauti ataiona kabla ya kuvuna.

Neno na kitu

Yatupasa kwanza kufahamu maana ya kichanga-tifutifu. Kila udongo ni mchanganyiko wa chembe za namna tatu. Chembe kubwa ni za mchanga, ambazo upana wake ni kutoka milimita 2 hadi kiasi cha sehemu ya ishirini ya milimita moja. Hizo jicho huziona na vidole huzisikia. Chembe ndogo kupita zote ni za mfinyanzi, ambazo hazifikii sehemu mbili za elfu za milimita. Hizo haziwezi kuonekana ila kwa vyombo, nazo ndizo zinazonata udongo ukilowa. Baina ya hizo kuna chembe za kati, ambazo zikikauka ni laini kama unga na zikilowa huteleza bila kunata. Chembe hizi za kati hazina jina moja lililokubaliwa na watu wote katika Kiswahili. Wako waziitao tope, lakini tope kwa mwananchi ni udongo wo wote uliolowa sana. Hapa nitaziita ungaunga, kwa kuwa neno hilo humwambia msomaji jinsi zinavyoonekana mkononi.

Udongo wa tifutifu ni ule ambao chembe hizo tatu zimechanganyika hata hapana moja inayotawala nyingine kabisa. Kichanga-tifutifu ni tifutifu ulioelemea upande wa mchanga. Kwa kawaida mchanga wake huzidi nusu ya uzito, na mfinyanzi wake haufiki sehemu 20 katika 100. Udongo wenye sehemu 65 za mchanga, 25 za ungaunga na 10 za mfinyanzi ungekuwa mfano ulio wazi.

Kupima hivyo kunataka maabara, lakini mkono uliozoea hukaribia sana. Chota konzi ya udongo, uloweshe kidogo kidogo huku ukiukanda, kisha uufinyange kuwa tonge. Mchanga mtupu hautashikana. Kichanga-tifutifu kitashikana na kuwa tonge, nalo litavunjika likiminywa. Ukijaribu kuusukuma baina ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe, utepe huo utakatika kabla ya kufika sentimita mbili na nusu. Udongo wa mfinyanzi hutoa utepe wa sentimita tano au zaidi bila taabu, na mfinyanzi wa vyungu mtu huweza kuuzungusha kama pete.

Lugha nayo ina jambo la kutufundisha hapa. Neno mchanga, ambalo katika lahaja za kaskazini ya pwani husemwa mtanga, lina ndugu wengi katika bara. Sikio la Mswahili halitakosa kulihusisha na neno isanga, ambalo katika Usukuma ni jina la udongo mmojawapo wa mchanga. Lakini Msukuma hakuishia hapo. Ana isanga, ana luseni, ana itogolo, na yote matatu sisi tungeyaita kichanga. Visiwani pia watu hawakuridhika na neno moja. Wakulima wa Unguja na Pemba hutofautisha mchanga na kichanga, nao wana kinongo, kinamo na uwanda, na wataalamu waliochunguza udongo wa visiwa hivyo katika miaka ya 1950 waliona ni vema kuyachukua majina hayo kuliko kubuni mapya.

Jinsi udongo huu unavyozaliwa

Anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Shinyanga huona nchi ya mawimbi marefu, yaliyo kati ya mita 1,100 na 1,300 hivi juu ya bahari. Juu ya vilima husimama majabali makubwa ya itale, mengine yamepandana kama yaliyopangwa kwa mkono. Kutoka penye majabali ardhi hushuka polepole, mwendo wa kilometa moja au mbili, mpaka kwenye bonde pana lililo tambarare, lenye udongo mweusi, liitwalo mbuga. Mvua huanza Novemba na kwisha Mei, nayo kwa mwaka ni kama milimita 700 hadi 1,000, kupungua kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kuelekea kusini na mashariki. Kiasi hicho si kidogo kwa kukisikia. Lakini jua la huko huvukiza maji mengi zaidi ya yale yanayonyesha kwa mwaka, na mara nyingi Januari au Februari mvua husita wakati mimea ndiyo inayoihitaji.

Itale ndiyo mama wa udongo tunaousema. Jiwe hili lina madini makubwa matatu. La kwanza ni kwatsi, yaani zile chembe ngumu zinazong'aa kama kioo kizito. Hili halioki, halivunjiki upesi, nalo jiwe likimomonyoka hubaki kuwa mchanga. La pili ni feldispa, jeupe au jekundu-jekundu, ambalo maji ya mvua hulila polepole na kuligeuza kuwa mfinyanzi, huku likitoa kalsiamu, potasiamu na sodiamu. La tatu ni ulanga, ambao kila aliyechimba huujua kwa kumetameta kwake. Basi jiwe moja huzaa mchanga na mfinyanzi pamoja. Swali ni kila mtoto amekwenda kukaa wapi.

Maji ndiyo yanayowatenganisha. Mvua ikinyesha juu ya mteremko, maji huchukua chembe nyepesi na kuacha nzito. Mengine huingia ardhini, hushuka wima yakichukua mfinyanzi kutoka tabaka la juu na kuuweka katika tabaka la chini, kisha hutambaa chini kwa chini kufuata mteremko. Chumvi zilizoyeyuka husafiri nayo. Kwa hiyo sehemu za juu hubaki na mchanga mwingi na chumvi chache. Sehemu za chini hupokea mfinyanzi, chokaa na sodiamu. Na bondeni, ambako vyote hukomea, huwa ni mfinyanzi mweusi upasukao wakati wa kiangazi. Mchwa nao hufanya kazi yake kinyume cha maji, maana hupandisha udongo laini kutoka chini hadi kwenye vichuguu, na ndiyo sababu wakulima wa nchi nyingi za Afrika hupenda kulima penye kichuguu cha kale.

Aliyeweka jambo hili katika maneno ya sayansi ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani katika milima ya Usambara. Mwaka 1935 alipendekeza neno katena, ambalo kwa Kilatini ni mnyororo, kwa maana ya safu ya udongo mbalimbali unaofuatana kutoka kilele mpaka bonde, kila mmoja umefungamana na jirani yake, na mfuatano huo hurudiwa kilima baada ya kilima. Ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1936. Tangu Desemba 1935 hadi Februari 1936 alifanya safari ya uchunguzi katika sehemu nyingi za Tanganyika, na habari ya safari hiyo ilipigwa chapa mwaka 1947, miaka mitano baada ya kufa kwake. Neno lake limeenea dunia nzima, na leo mwanafunzi wa udongo wa Brazili au Australia hulitumia pengine bila kujua kwamba lilizaliwa Tanganyika.

Lililo muhimu kwetu ni hili: kwa fikira ya mnyororo, udongo hautambulikani kwa konzi moja, bali kwa mahali pake katika mteremko na kwa tabaka zake zote. Mkulima wa Kisukuma, ambaye hakumsoma Milne, alikuwa akihesabu pete za mnyororo huo kwa majina kabla Milne hajafika.

Luseni

Luseni hupatikana sehemu za juu na za kati za mteremko, chini kidogo ya majabali. Rangi yake ni kahawia hafifu, na ukikauka huelekea weupe. Chembe zake za mchanga ni kubwa na zenye pembe, maana hazijasafiri mbali kutoka kwenye jiwe lililozizaa. Chini ya tabaka la juu mfinyanzi huongezeka, lakini huongezeka polepole, bila kuwa ukuta. Mizizi hupenya, na maji hupita.

Sifa yake kubwa kwa mkulima ni wepesi. Mvua ya kwanza ikinyesha, luseni hulimika siku ile ile kwa jembe la mkono, wakati wa mbugani bado anangoja udongo wake uache kunata. Nchini ambako siku chache za kuchelewa kupanda hupunguza mavuno, jambo hilo lina thamani kubwa. Mihogo, viazi vitamu, karanga, njugu mawe na uwele hustawi humo, na mihogo na karanga hung'oka bila kuvunjika.

Upungufu wake ni wa namna mbili. Wa kwanza ni chakula cha mimea. Mfinyanzi na mboji ndivyo vinavyoshika chakula hicho kisichukuliwe na maji, na luseni ina vyote viwili kwa uchache. Nitrojeni inayotokea mwanzo wa mvua huoshwa na kushuka chini kabla mizizi haijaifikia, na fosforasi ni haba. Shamba la luseni likilimwa miaka mingi mfululizo bila kupumzishwa na bila samadi huchoka, na uchovu wake huonekana mapema kuliko wa udongo mzito. Zamani dawa ilikuwa kuliacha shamba na kufungua jipya. Watu na ng'ombe walipoongezeka, dawa hiyo iliadimika, nayo samadi ya zizini ikabaki kuwa dawa ya karibu kwa mwenye mifugo. Asiye na mifugo hana budi kununua mbolea, na mbolea ikimwagwa yote kwa mara moja katika udongo kama huu, sehemu yake nzuri humfaidia wa bondeni.

Upungufu wa pili ni udhaifu wa umbo lake. Matone ya mvua kubwa huupiga udongo ulio wazi, huvunja madonge yake madogo, na chembe laini huziba vitundu vya juu. Jua likitoka hufanyika gamba jembamba. Hapo utaona ajabu ambayo wageni wa nchi hizi hawaielewi: udongo wa mchanga, ambao kila mtu angedhani hunywa maji kama kichujio, unayatiririsha juu yake kama paa la bati. Maji hayo huondoka na udongo. Kwa sababu hiyo kulima kwa matuta yanayokata mteremko, na kufunga mifereji baina ya matuta kwa vizuizi vidogo ili maji yasimame na kuingia, kulisisitizwa sana na watafiti wa pamba. Mbinu ilikuwa nzuri. Katika wakati wa ukoloni ililazimishwa kwa amri na faini, na amri hizo zilichukiwa hata zikaondolewa katika miaka ya 1950. Lakini matuta yenyewe Wasukuma waliyajua na kuyalima, na wanayalima hata sasa.

Kuhusu maji, hesabu ndogo itamsaidia msomaji. Kichanga-tifutifu huweza kuweka akiba ya maji yafaayo kwa mimea kama milimita 100 hadi 130 kwa kila mita moja ya kina. Mahindi yaliyokomaa majani, katika joto la huko, hutumia karibu milimita 5 au 6 kwa siku. Basi mizizi ikishuka mita nzima katika luseni iliyolowa vizuri, mmea unaweza kungoja mvua kwa kama majuma matatu, ingawa siku za mwisho utaanza kusononeka. Hesabu hiyo tuishike, maana sasa twaingia katika udongo mwingine.

Itogolo

Mtu akiendelea kuteremka, hufika mahali ambapo mteremko unakaribia kulala. Udongo wa juu ungali wa mchanga. Rangi imegeuka kijivu kidogo. Konzi yake ikikandwa hutoa utepe mfupi ule ule, na mpimaji wa maabara akipewa udongo wa juu tu ataandika katika karatasi yake maneno yale yale aliyoandika kwa luseni. Lakini jembe likipigwa kwa nguvu, au mtaimbo ukishindiliwa, hugota. Chini ya tabaka la mchanga pana tabaka gumu la mfinyanzi uliokazana, na mpaka baina ya tabaka hizo mbili ni mkali kama mpaka wa mkeka na sakafu. Huo ndio itogolo.

Tabaka hilo gumu limetokana na mfinyanzi ulioletwa na maji kutoka juu, na mahali pengi limezidishwa ubaya na sodiamu. Kalsiamu hufunga chembe za mfinyanzi katika madonge madogo yenye nafasi za kupitisha hewa na maji. Sodiamu hufanya kinyume: huzitawanya, zikajaza kila kitundu, na zikikauka huwa kama matofali. Zaidi ya hapo, kwenye kingo za mbuga, uko udongo uitwao ibambasi, ambao ugumu huo na chumvi hiyo vimefika karibu na uso wa ardhi. Huko majani yenyewe huota kwa taabu, na pana madoa yaliyo wazi kabisa.

Sasa turudie hesabu yetu. Ikiwa mizizi ya mahindi katika itogolo imezuiwa penye sentimita 30, akiba yake yote ya maji ni milimita 30 hadi 39, nayo ni ya juma moja. Mvua ikikatika majuma matatu, luseni itasononeka na itogolo itakufa. Tena mvua ikizidi, mambo hugeuka: maji hayana pa kushukia, hujaa katika tabaka la juu, mizizi hukosa hewa, na mahindi hugeuka manjano yakiwa yamesimama ndani ya maji. Shamba moja basi hukauka mapema na hufurika mapema, na mwenye kuliita kichanga hawezi kueleza kwa nini.

Hata hivyo itogolo si udongo mbaya. Ni udongo usiotaka kulimwa kama mwingine. Sakafu ile inayoyaua mahindi ndiyo inayoufaa mpunga. Wakulima wa Usukuma hujenga kingo za udongo na kufanya majaruba, maji ya mvua na yale yanayotiririka kutoka luseni ya juu huingia humo na kutuama, na tabaka gumu huyazuia yasipotee. Katika karne ya 20 kilimo cha mpunga wa majaruba kilienea sana katika nchi hiyo, nacho kimezifanya sehemu zilizokuwa za malisho kuwa mashamba yanayotafutwa. Nalo jambo hili halikuvumbuliwa na ofisi yo yote ya ramani.

Mfano wa gharama

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya mkulima mdogo na jaruba lake. Basi na atazame Kongwa, katika nyanda kavu za Ugogo. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulitumia majuma tisa tu, kisha ukapendekeza ekari 3,210,000, nyingi zake katika Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo wa huko ni mwekundu, na kwa macho una mchanga wa kutosha; karanga hupenda udongo wa namna hiyo. Lakini chembe zake za kwatsi ziliyala majembe ya matrekta kama tupa, na mfinyanzi uliochanganyika nazo, mvua zilipokwisha, ulikauka ukawa kama saruji. Karanga zilizokomaa hazikung'oleka. Ukame uliongeza taabu, na makosa mengine ya mipango yalikuwa mengi. Mradi uliachwa mwanzo wa mwaka 1951, na mamilioni ya pauni yalikwisha kupotea.

Sisemi kwamba udongo peke yake uliuangusha mradi ule. Nasema kwamba tabia ya udongo wakati wa kiangazi, yaani jinsi unavyokaza, haikupewa uzito wake, nayo ni tabia ambayo kila Mgogo aliyejaribu kulima Septemba aliijua mikononi mwake.

Majina ya wataalamu

Imebaki kutazama namna udongo huu unavyoainishwa katika mifumo mikubwa ya dunia. Miwili ndiyo inayotumika zaidi. Mmoja ni wa Marekani, uliopigwa chapa mwaka 1975 baada ya majaribio ya miaka mingi. Mwingine ulianza na maelezo ya ramani ya udongo wa dunia ya FAO na UNESCO mwaka 1974, ukafuatwa mwaka 1998 na mfumo wa kimataifa ambao chapa yake ya nne ilitoka mwaka 2022. Huo una makundi makuu 32.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba kichanga-tifutifu si kundi katika mfumo wo wote kati ya hiyo miwili. Ni sifa ya tabaka moja, kama vile urefu ulivyo sifa ya mtu na si jina lake. Udongo wenye tabaka la juu la kichanga-tifutifu waweza kuwa wa makundi mengi. Katika mfumo wa kimataifa, ikiwa ni mchanga karibu mtupu kutoka juu hadi mita moja, huitwa Arenosoli. Na yapasa kuangalia hapa, kwani kichanga-tifutifu chenyewe kina mfinyanzi wa kutosha kukitoa katika kundi hilo, ingawa wengi huliandika kwa mazoea. Ikiwa mfinyanzi umeongezeka chini bila kuziba, na mfinyanzi huo ni wa nguvu ndogo lakini haujapoteza kalsiamu na wenzake, huitwa Liksisoli. Ukiwa umeoshwa na kuwa mchachu, huitwa Akrisoli. Sehemu kubwa ya luseni huangukia katika hayo. Itogolo, kwa ule mpaka wake mkali na maji yanayotuama, huingia Planosoli. Sodiamu ikifika sehemu 15 katika 100 za chumvi zilizoshikwa na mfinyanzi wa chini, na tabaka hilo likiwa na umbo lake la nguzo-nguzo au madonge makubwa, huwa Solonetsi. Udongo wa mbuga ni Vertisoli. Mfumo wa Marekani hugawa kwa njia nyingine na majina mengine, lakini nao huanza na tabaka za chini, tena hutazama miezi ambayo udongo huwa mkavu, jambo lenye maana kubwa katika nyanda kama hizi.

Msomaji ataona kwamba mpaka ambao wataalamu wameuweka baina ya Liksisoli na Planosoli ni ule ule ambao Msukuma ameuweka baina ya luseni na itogolo. Hilo si la kustaajabisha, maana wote wawili wamechimba. La kustaajabisha ni majina. Solonetsi ni neno la wakulima wa Urusi, na vivyo hivyo majina mengine mashuhuri ya elimu hii, kama chernozemu na podzoli, yalitoka vijijini kwao yakapandishwa vyuoni. Neno mbuga limekwisha kusafiri kidogo kwa njia hiyo, kwani waandishi wa Kiingereza wa Afrika Mashariki walilitumia kwa udongo mweusi wa mabonde. Luseni na itogolo hazijapata bahati hiyo, wala sioni sababu nyingine ila kwamba waandishi walikuwa wachache.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu majina ya wenyeji kupita kiasi. Jina moja laweza kuwa na maana iliyo tofauti kidogo katika wilaya mbili. Tena mkulima huutaja udongo kwa matumizi yake na kwa jembe lake; sodiamu iliyofichika kina cha mita moja na nusu haimhusu, mpaka siku mtu atakapokuja kuchimba mfereji wa kumwagilia na kuipandisha juu. Mpimaji naye ana upofu wake: huchukua konzi ishirini za udongo wa juu, huzituma maabara, na ramani hurudi ikiwa na rangi moja kutoka kilele hadi ukingo wa mbuga. Kila mmoja huona asichokiona mwenzake, na kwa hiyo nadhani majina yote mawili yaandikwe pamoja katika kila taarifa ya Kiswahili, la mwenyeji likitangulia.

Kuhusu maneno ya Kiswahili yenyewe, ningependekeza kwamba kichanga libaki kuwa sifa ya mkono, yaani jinsi udongo usikikavyo ukikandwa, na lisitumiwe kamwe kuwa jina la udongo mzima. Maneno tabaka la juu na tabaka la chini yatumike daima pamoja, hata pale yanapofanana. Penye sakafu ngumu iandikwe sakafu, na kina chake kitajwe, kwani neno hilo kila mtu amelizoea nyumbani mwake. Shimo lichimbwe mita moja au zaidi, tena mwisho wa kiangazi, kabla mvua haijaulainisha udongo na kuficha ugumu wake. Taarifa ya luseni basi ingesomeka hivi: "Luseni (Liksisoli). Mteremko wa kati, chini ya majabali ya itale. Tabaka la juu kichanga-tifutifu, kahawia hafifu. Tabaka la chini lina mfinyanzi zaidi, mabadiliko ya polepole. Hakuna sakafu hadi mita moja. Mizizi imefika chini." Na ya jirani yake, mwendo wa nusu saa kuelekea bondeni: "Itogolo (Planosoli). Mwisho wa mteremko. Tabaka la juu kichanga-tifutifu, kijivu. Sakafu ya mfinyanzi penye sentimita 30, mpaka mkali. Mizizi imepinda na kutambaa juu ya sakafu. Panafaa majaruba."